Kompyuta ya Kwaya

Kompyuta ilifika dukani imefungwa kwa kitenge, nyuma ya pikipiki, na vumbi jekundu la barabara lilikuwa limeingia mpaka kwenye mikunjo ya kitambaa. Aliyeileta alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mwalimu wa kwaya ya kanisa moja huko. Alivua kofia mlangoni akauliza kama hapa ndipo kwa mama fundi.

Mama fundi nilikuwa mimi. Ilikuwa mwaka 2013 kama sikosei, na nilikuwa nimeolewa Kasulu, katika nyumba ya watu wa biashara. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la redio, balbu, nyaya na betri. Mume wangu aliendesha lori na hakukaa sana nyumbani, na mimi nilipewa meza nyuma ya duka, kwa sababu nilikuja na ufundi wa redio kutoka kwetu Murungu, upande wa Kibondo. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha, tangu nikiwa msichana. Redio nilizijua. Kompyuta nilikuwa nimefungua mbili tatu tu, na zote zilikuwa na tatizo la vumbi.

"Mama, hii ordinatere inakataa kuwaka," yule bwana alisema. "Kura ilikatika, halafu ikarudi na nguvu nyingi. Tangu pale unabonyeza, unabonyeza, haina kitu."

Sikuelewa kura imeingiaje. Baba mkwe aliyekuwa kaunta akainua macho juu ya miwani.

"Kura gani tena, bwana? Mlikuwa mnamchagua nani?"

"Kura ya jenereta, papa."

"Ahaa. Umeme," alisema baba mkwe, na akarudi kwenye hesabu zake akitabasamu.

Mzee yule alipenda Kiswahili kama wengine wanavyopenda mpira. Baba yake alitokea Pangani akafuata biashara mpaka huku juu, na mtoto akazaliwa na kukulia Kasulu, lakini lugha ya nyumbani kwao haikuondoka pwani. Mimi nikisema "kurara" badala ya "kulala", kwa ulimi wetu wa Kiha, alikuwa ananitazama mpaka nirudie. Siku ile meza yangu ilikuwa na Kiswahili cha aina tatu, na kila mmoja wetu aliamini cha kwake ndicho kinachoeleweka.

Nilimuuliza mwalimu wa kwaya kuna nini ndani ya kompyuta. Akasema nyimbo. Walikuwa wamefikia nusu ya kurekodi, wameshaimba sauti za wanawake na ngoma, bado sauti za wanaume. Nikamwambia nyimbo zinakaa kwenye diski, na diski inaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine.

"Najua," alisema. "Nilifanya kazi ya studio kule Uvira. Lakini mashine nyingine ni ipi? Kambini ziko za ofisi tu, na hakuna mtu wa ofisi atakubali nifungue yake. Mimi nataka hii irudi."

Baba mkwe aliniita pembeni kidogo. "Mwanangu, redio zako sina neno nazo. Hii ni mali ya watu wengi. Ikikufia mikononi tutawaambia nini?"

"Imeshakufa, baba."

Alifikiri. "Haya. Basi isife zaidi."

Tulianza palepale, mimi na mwalimu wa kwaya. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Feni ilishtuka, ikageuka kidogo sana, ikasimama. Nikachomoa waya, nikasubiri, nikabonyeza tena. Ikashtuka na kusimama vilevile. Nilipenda kwamba ilishtuka. Kitu kilichokufa kabisa hakishtuki, na redio zilikuwa zimenizoesha kwamba dalili ndogo ni bora kuliko kimya.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa pawa saplai, lile sanduku la chuma linalogawa umeme ndani ya kompyuta. Mwalimu wa kwaya alijua namna ya kulijaribu likiwa peke yake: unalichomoa kwenye mazabodi, unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi. Tulifanya hivyo na feni yake ikazunguka vizuri bila kusita. Nilipima kwa mita, volti zilikuwa sawa. Kwa hiyo sanduku lilikuwa zima. Lilikuwa linajizima lenyewe kwa sababu kitu fulani upande wa pili kilikuwa kinavuta umeme kupita kiasi.

"Linajilinda," nilisema.

"Ndiyo. Linaogopa," alisema mwalimu.

Upande wa pili ndio mazabodi, ule ubao mkubwa wa kijani ambao vitu vyote vya kompyuta hupachikwa. Tuliutoa kwenye kasha tukauweka juu ya gazeti, tukatoa kila kinachoweza kutoka, tukabakiza prosesa tu, ule ubongo wa mashine, na feni yake. Bado ilishtuka na kusimama. Mwalimu akakwaruza kidevu. Mimi nilikuwa naziangalia nyaya zinazoingia kwenye ubao na nikaona ziko za aina mbili: fungu kubwa linaloingia ukingoni, na plagi ndogo ya nyaya nne inayoingia karibu na prosesa. Nikauliza kwa nini hii ndogo iko peke yake.

"Hiyo ni ya prosesa tu," alisema. "Prosesa inakula sana, wanaipa sahani yake."

Nikaichomoa ile ndogo, nikabonyeza. Feni ikazunguka na haikusimama.

Tulitazamana. Baba mkwe alisikia mlio akaja na kikombe chake cha kahawa mkononi. "Imepona?"

"Haijapona," nilisema. "Lakini sasa tunajua inaumwa wapi."

Siwezi kueleza vizuri furaha ya saa ile kwa mtu ambaye hajawahi kutafuta kitu kisichoonekana. Ubao ule ulikuwa na mamia ya vitu vidogo, na kwa kuchomoa plagi moja tulikuwa tumeacha karibu vyote na kubaki na pembe moja isiyozidi kiganja.

Kwenye pembe ile kulikuwa na koili kadhaa zimepangwa kuizunguka prosesa, na kando ya kila koili transista bapa nyeusi, ukubwa wa punje ya hindi. Kazi yake ni kupunguza umeme mpaka kiwango ambacho prosesa inaweza kukila. Tulitoa prosesa ili isituchanganye, nikaweka mita kwenye hali ya kulia, yaani inapiga mlio pale umeme unapopita bila kizuizi. Mguu mmoja wa mita kwenye tundu la skrubu, mwingine kwenye koili ya kwanza. Ikalia. Koili ya pili ikalia. Zote zililia.

Hapo ndipo tulipokwama. Koili zile zote huishia mahali pamoja, kwa hiyo transista moja ikipasuka ndani, mita inalia popote unapogusa. Mmoja wao alikuwa mbovu na wote walikuwa wanasema ni wao. Na kwa macho hapakuwa na alama yoyote, hakuna pa kuungua wala harufu.

Kibali cha mwalimu cha kutoka kambini kilikuwa kinakwisha jioni ile. Alikunja kitenge chake vizuri akakiweka juu ya meza.

"Nakuachia, mama. Ukipata njia unipigie. Usipopata, unipigie pia."

Siku zilizofuata nilitengeneza redio za watu, lakini macho yalikuwa yanarudi kwenye ule ubao. Ningeweza kung'oa transista zote moja moja mpaka mita inyamaze. Kaka yangu angefanya hivyo. Lakini ubao wa kompyuta si wa redio. Una tabaka za shaba ndani, na chuma changu cha kulehemu kilikuwa cha redio. Kila kipande ambacho ningeng'oa bila sababu kingeweza kuondoka na njia ya shaba iliyo chini yake. Nilitaka kung'oa kimoja tu, na kiwe chenyewe.

Nikafikiri: kitu kinachopitisha umeme mahali pasipotakiwa lazima kipate joto. Nikachukua betri kubwa ya tochi, moja tu, ambayo nguvu yake haiwezi kudhuru kitu, nikaunganisha waya mmoja kwenye koili na mwingine kwenye tundu la skrubu. Kisha nikagusa transista kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine. Sikupata jibu. Betri yenyewe ilipata moto mkononi, na sehemu yote ile ya ubao ilikuwa vuguvugu, kwa sababu shaba husambaza joto. Kidole changu kilikuwa kizito mno kwa kazi ile.

Jibu lilikuja nikiwa nafanya kitu kingine. Nilikuwa nasafisha kichwa cha redio kaseti ya jirani kwa spiriti, na matone yakaanguka kwenye sufuria ya chai iliyokuwa imetoka jikoni. Yale yaliyoangukia tumboni mwa sufuria, penye chai ya moto, yalipotea papo hapo. Yale ya kwenye mkono wa sufuria yalibaki yanang'aa. Niliyatazama mpaka yakaisha. Kisha nikaiacha kaseti ya watu wazi mezani nikauvuta ubao.

Nilipaka spiriti juu ya transista zote kwa pamba, haraka, zote zikalowa sawasawa. Nikaunganisha betri. Zilikaa ziking'aa, nyeusi, zimelowa, na mimi nimeinama juu yake kama mtu anayeangalia maji yachemke. Kisha moja, ya tatu kutoka ukingoni, ikaanza kupoteza mng'ao kutoka katikati yake. Ilikauka kabisa wakati jirani zake bado zimelowa.

Nikapaka tena. Ile ile. Nikageuza ubao upande wa pili, labda upepo wa mlangoni ndio unaonidanganya. Ile ile.

"Baba," niliita. "Baba, njoo uone."

Alikuja, akavaa miwani, nikamfanyia tena. Halafu akasema, "Rudia."

Kupata ya kuweka mahali pake ndiyo ilikuwa kazi nyingine. Transista za redio hazifai. Zile za kompyuta zina haraka na zinabeba mzigo mkubwa. Kasulu nzima sikumpata mtu mwenye mazabodi mbovu ya kugawa. Nikamkumbuka mwanamke mmoja niliyesoma naye, mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi Kibondo mjini, ambaye kompyuta yake ya zamani ilikuwa inazuia mlango usibamizwe na upepo. Nilikuwa na sababu ya kwenda huko hata hivyo. Sikuwa nimemwona mama yangu tangu mfungo.

Nilifika kwanza Murungu, nikalala kwa mama. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za wakwe na za mume, kisha akauliza nina safari gani mjini kesho. Nikamweleza. Nikachora transista kwenye vumbi la uani: mwili wa mraba, miguu miwili mbele.

Aliutazama mchoro. "Mwana wanje," alisema, "umekuja kutusalimu au umekuja kuchukua mdudu?"

"Vyote, mama."

"Ego," alisema, ndiyo ya kwetu. "Basi mdudu naye umsalimu."

Mwenye duka la fotokopi alicheka aliposikia ninachotaka. Aliiondoa kompyuta mlangoni akaweka tofali. Tuliifungua pamoja juu ya kaunta na mle ndani mjusi alikuwa ametaga. Transista zake zilifanana na yangu kwa umbo. Namba za mgongoni, nilipoziangalia kwa kioo cha kukuzia, zilifanana mwanzo na kutofautiana mwishoni. Sikujua maana ya tofauti ile. Nikampigia mwalimu wa kwaya kambini, nikamsomea namba zote mbili, simu ikikatika na kurudi.

"Sijui hiyo herufi ya mwisho," alisema. "Wewe unaona nini?"

"Naona zinafanya kazi ileile, mahali palepale kwenye ubao, kuizunguka prosesa ileile ya aina moja. Nadhani ni ndugu."

"Basi tujaribu, mama. Imekwisha kufa. Itakufa mara ya pili namna gani?"

Nilirudi Kasulu na mazabodi ya mlangoni ndani ya kikapu, chini ya maharage aliyonipa mama.

Kulehemu ndiko kulikonitoa jasho. Chuma changu kiligusa mguu wa transista na shaba ya ubao ikanywa joto lote. Lehemu haikuyeyuka hata kidogo. Niliongeza muda, nikaona ngozi ya kijani pembeni inaanza kubadilika rangi, nikaacha. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akitazama. Siku hizo alikuwa na mazoea ya kuja kukaa hapo duka likipoa.

"Mama yenu marehemu," alisema, akimaanisha mkewe, "sahani za udongo hakuzimwagia mchuzi wa moto kabla ya kuzipasha. Alisema zinashtuka."

Tukawasha jiko la mkaa, tukaacha moto ufifie mpaka yabaki makaa yenye majivu, tukaweka sinia juu yake na vijiwe juu ya sinia, na ubao juu ya vijiwe. Tulianza na ule wa mlangoni, wa kujifunzia. Nilikuwa naweka kiganja juu yake kila baada ya muda. Ulipofika joto ambalo kiganja hakikutaka kukaa, nikashika chuma, na baba mkwe akashika kibano. Lehemu iliyeyuka kama siagi. Transista ikanyanyuka nzima. Kisha tukauweka ule wa kwaya, tukang'oa ile iliyokufa, tukaweka ndugu yake. Mkono wa mzee ulikuwa umetulia kuliko wangu.

Ubao ulipopoa nilipima. Mita haikulia.

Nilimpigia mwalimu, lakini alipata kibali baada ya siku kadhaa, na nilijizuia nisiwashe bila yeye. Alipofika alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Tukarudisha prosesa na feni yake, kibao cha ram kinachotunza kumbukumbu, diski, plagi kubwa, plagi ndogo, tukaunganisha skrini. Nikamwambia abonyeze yeye. Akakataa, akasema mkono wangu ndio unaojua.

Feni ilizunguka ikaendelea kuzunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Tulikaa tukiitazama. Mwalimu akasema taratibu, "Tusikilize." Tukainamisha vichwa. Kutoka kwenye spika ndogo ya ubao ulikuja mlio mrefu, kisha kimya, kisha mlio mrefu tena.

"Hiyo ni ram," alisema, na uso wake ukafunguka. "Inaongea. Inasema haioni ram."

Kompyuta iliyokuwa haiwezi hata kugeuza feni sasa ilikuwa inatueleza inachokosa. Nilichomoa kile kibao chembamba cha ram, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, yalikuwa meusi kwa vumbi, nikakibana mpaka kikalia "ta". Tukawasha. Maandishi meupe yakapanda kwenye skrini.

Mwalimu alikaa chini kwenye kreti ya soda, akaushika mdomo wake. Kisha akatafuta faili zake, akaunganisha spika ya dukani, na sauti za wanawake zikajaa mle ndani, bila wanaume, zikiacha nafasi pale ambapo wanaume wangeitikia. Kwenye zile nafasi mwalimu aliimba yeye, kwa sauti ya chini, akipiga goti kwa kiganja. Wateja wawili walisimama mlangoni. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho na kichwa kimeinama.

"Huyo mama wa sauti ya juu," alisema, "matamshi yake safi sana."

"Alikuwa mwalimu wa shule, papa. Alizaliwa Kalemie."

"Mpelekee salamu zangu."

Baada ya mwalimu kuondoka, mzee aliniuliza ndani ya kile kidudu kilichokufa kuna nini. Sikujua. Nikakisugua kwenye jiwe la kunolea visu, tukipokezana, mpaka plastiki nyeusi ikaisha na likabaki pande dogo la kijivu linalong'aa, jembamba kuliko ukucha. Chini ya kioo lilikuwa na nukta nyeusi moja, kama limechomwa na ncha ya sindano. Tuliangalia kwa zamu. Kwa nini hii ya tatu na si ya kwanza au ya mwisho, wakati umeme uliorudi kwa nguvu uliingia kwa zote? Nimeuliza mafundi wengi tangu hapo. Wananijibu, lakini hawajibu mamoja.

Habari zilitembea. Kompyuta zikaanza kuja, za mashule, za maduka ya kuchapa, moja mpaka kutoka Kasanda. Nyingine nilishindwa nikazirudisha, na nyingi zilikuwa vumbi na ram. Nilipata chuma kikubwa zaidi, lakini sinia na makaa sikuviacha.

Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuja kwa wingi, Nyarugusu ikajaa, na kwaya ile ikapata waimbaji wapya. Mwalimu wake yeye alikuwa kwenye safari ya kupelekwa kuishi ng'ambo pamoja na familia yake. Alipita dukani kuaga, safari hii kwa gari, na watoto wake nisiowahi kuwaona. Alisema kompyuta anaiacha kwa binti mmoja wa Kirundi ambaye ameshajifunza kurekodi.

"Amenisumbua sana kwa maswali," alisema. "Anauliza ndani mna nini. Nimemwambia nitamuuliza mama fundi kama anaweza kuja."

"Aje," nilisema. "Anajua Kiswahili?"

"Kidogo. Kirundi anajua."

"Basi tutaelewana. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu."

Baba mkwe alitoka nyuma ya kaunta kumpa mkono. Wakashikana muda mrefu. "Kura isikatike huko uendako," mzee alimwambia, na yule bwana akacheka mpaka akavua kofia.